Mpagazi, Mnyapara na Kiongozi

Watoto wa shule yetu wana desturi moja isiyonipendeza. Mtoto akiwekwa kuwaangalia wenzake katika kazi ya bustani, humwita "mnyapara", na jina hilo hulitamka kama mtu atemaye mbegu chungu. Mwezi uliopita mmoja wao, kijana mwema wa miaka kumi na mitatu, alinijia jioni akasema, "Mwalimu, nakuomba unirudishie jembe langu. Afadhali nilime mwaka mzima kuliko kuitwa jina lile." Nikamrudishia jembe lake, maana haifai kumlazimisha mtu heshima asiyoitaka. Walakini neno lile lilinikaa moyoni, nikaona yafaa kuwaandikia wasomaji habari za wanyapara wa zamani, jinsi kazi yao ilivyotengana na kazi ya mpagazi kwa upande mmoja, na ya kiongozi kwa upande wa pili.

Siku hizi tukisema mnyapara twamfikiri mtu asimamiaye vibarua shambani, mikono mfukoni, au mfungwa aliyewekwa juu ya wafungwa wenzake. Lakini asili ya neno ni katika safari za bara. Katika karne ya 19, kabla ya reli na motokaa, kila kitu kilichotoka pwani kwenda Unyanyembe, Ujiji au Buganda, na kila pembe ya ndovu iliyoteremka Bagamoyo, ilipita kichwani au begani mwa mtu. Wanyama wa mizigo hawakuishi muda mrefu katika njia zile kwa sababu ya ndorobo. Basi watu walijipanga kwa mamia, na mamia ya watu wenye mizigo hawawezi kutembea maili mia saba bila kila mmoja kujua kazi yake.

Mpagazi tunamjua. Wengi walikuwa Wanyamwezi, nao hawakuwa watumwa, kama wengine wadhanivyo. Walikuwa watu huru waliopatana mshahara na tajiri, na sehemu ya mshahara walipokea mbele. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani ratili 70 hivi, mbali na kitanda chake cha mkeka, chungu, silaha, na chakula chake mwenyewe. Alidai kibaba chake cha nafaka kila siku, na asipokipata alikuwa na njia mbili za kusema: kuutua mzigo akakaa kitako na wenziwe wote, au kutoroka usiku. Matajiri waliziogopa sana njia hizo mbili, na vitabu vya wasafiri wa Ulaya vimejaa manung'uniko juu yake. Ukisoma manung'uniko hayo vema, utaona kwamba mara nyingi mwandishi mwenyewe amekwisha kutaja, kurasa mbili nyuma, kwamba posho ilikatwa.

Mbele ya wote alikwenda kirangozi. Jina hilo lafanana na neno letu "kiongozi", na hapa watu wengi hukosea. Kirangozi hakuwa mkubwa wa safari. Alikuwa mpagazi mwenye kujua njia. Alivaa nguo nyekundu au manyoya, alichukua bendera, na nyuma yake ilipigwa ngoma au barghumu; lakini begani alikuwa na mzigo kama wengine. Burton, aliyepita njia ile tangu mwaka wa 1857, ameandika kwamba haikuwa halali mtu kumpita kirangozi njiani. Aliyempita alinyang'anywa mshale mmoja katika podo lake, akaukomboa kwa faini mwisho wa safari. Sheria hiyo naipenda. Haikuwekwa kwa ajili ya fahari ya kirangozi, ila kwa sababu penye njia panda watu mia mbili wakifuata migongo miwili, jioni kutakuwa na kambi mbili.

Kisha wanyapara. Hao waliwekwa juu ya makundi ya wapagazi, na kwa safari kubwa alikuwapo mnyapara mkuu juu yao. Kazi yao haikuwa na bendera wala ngoma. Waligawa mizigo asubuhi, na kila aliyepata kuona ugawaji wa mizigo anajua kwamba hapo ndipo ugomvi huzaliwa. Walipima posho. Waliwatafuta waliobaki nyuma kwa ugonjwa wa miguu. Walikwenda kwa watawala wa Ugogo kujadiliana juu ya hongo, siku tatu, siku tano, doti moja ikiongezwa na nyingine ikipunguzwa, huku jua likiwaka na maji yakipungua. Walimweleza tajiri manung'uniko ya wapagazi, nao wapagazi waliwaeleza hasira ya tajiri, na kwa kila upande walipunguza ukali kidogo njiani. Mnyapara mwema alilaumiwa na pande zote mbili.

Juu ya wote alikuwapo mwenye safari, awe mfanya biashara wa pwani au msafiri wa Ulaya. Kwake kulikuwa na jambo moja lisilokuwa kwa wengine: yeye ndiye aliyejua kwa nini safari ilitoka. Mpagazi aliujua uzito, mnyapara aliijua siku, na mwenye safari aliyajua makusudi. Nimeweka maneno hayo kwa ufupi ili niweze kueleza yaliyotokea makusudi yalipokufa njiani.

Tuanze na mwaka wa 1866. Daktari Livingstone aliondoka pwani ya Rovuma na watu wapatao sitini: askari wa Kihindi, watu wa kisiwa cha Nzwani katika Komoro, vijana waliokombolewa katika utumwa na kufundishwa katika shule ya misheni huko Nassik, India, na wapagazi wa nchi. Alikuwa pia na ngamia, nyati wa kufugwa, nyumbu na punda, apate kujua kama watastahimili ndorobo. Katika watu hao walikuwamo wawili ninaotaka msomaji awashike: Susi, mtu wa Shupanga katika mto Zambezi, na Chuma, Myao aliyekombolewa katika mlolongo wa watumwa mwaka wa 1861 alipokuwa mtoto.

Livingstone alikuwa kiongozi. Hilo halina ubishi. Makusudi yake hayakumtoka hata siku moja, na alikuwa tayari kufa kwa ajili yake. Lakini katika kutengeneza mambo ya kila siku alikuwa dhaifu, nami sioni ubaya kulisema, maana daftari zake mwenyewe zinalishuhudia. Askari wa Kihindi waliachiwa wanyama, wakawapiga na kuwatwika kupita kiasi hata wakafa mmoja mmoja, wala hapakuwa na mtu mwenye mamlaka katikati yao wa kuzuia jambo hilo siku ya kwanza. Mwezi wa Julai akawarudisha pwani. Mwezi wa Septemba watu wa Nzwani, waliposikia kwamba mbele kuna Wangoni wenye vita, walitua mizigo wakaondoka wote na mkubwa wao Musa. Musa alipofika Unguja mwezi wa Desemba alitoa hadithi kwamba Livingstone ameuawa, naye amemzika kwa mikono yake. Uingereza ikaomboleza. Mwaka uliofuata ikabidi safari nyingine ipelekwe mpaka Nyasa kuhakikisha kwamba maneno yale ni uongo. Msomaji na aiweke akiba hadithi hii ya Musa, tutaihitaji.

Jambo la tatu ni dogo, lakini kwangu mimi ndilo linaloonyesha hasa kazi ya mnyapara ni nini. Mwezi wa Januari 1867 sanduku la dawa lilikuwa mikononi mwa mtu aitwaye Baraka, mpagazi mwangalifu sana. Asubuhi moja mizigo ikabadilishwa, na sanduku likaangukia kwa watu wawili waliojiunga na msafara njiani. Hao wawili walitoroka msituni siku ileile, nalo sanduku likapotea pamoja nao. Livingstone aliandika kwamba alijiona kama mtu aliyehukumiwa kufa. Tangu siku hiyo homa na kuhara damu havikupata dawa ya kutosha. Haikuwa vita wala njaa. Ilikuwa ugawaji wa mizigo wa asubuhi moja. Nani achukue nini: swali hilo linaonekana kama si kitu kwa mtu anayefikiri habari za chemchemi za Nile, na kwa sababu hiyo haifai mtu huyohuyo awe ndiye wa kulijibu.

Basi miaka ikapita. Stanley alimkuta Ujiji mwaka wa 1871, wakaagana karibu na Tabora mwezi wa Machi 1872, naye Stanley akampelekea kutoka pwani zaidi ya watu hamsini wapya, waliofika Agosti. Miongoni mwao alikuwamo Jacob Wainwright, mmoja wa vijana wa Nassik, ajuaye kusoma na kuandika Kiingereza. Safari hii ya mwisho mambo yalikwenda kwa utaratibu zaidi, nami nadhani sababu ni kwamba Susi na Chuma walikuwa wamekwisha kuwa wanyapara hasa, baada ya miaka sita ya kujifunza kwa taabu. Lakini mwili wa mkubwa wao ulikuwa umekwisha. Walimchukua juu ya kitanda kupita majimaji ya Bangweulu hata mji wa Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia. Alfajiri ya tarehe 1 Mei 1873 kijana Majwara alimwita Susi. Wakaingia watu sita wakamkuta amepiga magoti kando ya kitanda, uso katika mikono, amekufa.

Sasa angalia hali yao. Mwenye safari amekufa, na yeye ndiye aliyekuwa na makusudi. Mkataba wa kila mtu ulikuwa naye. Walikuwa mbali na pwani zaidi ya maili 1,000 kwa njia ya miguu, katika nchi ngeni, na mwili wa maiti ulikuwa jambo la hatari, kwa kuwa watu wa nchi nyingi waliogopa maiti ya mgeni, tena mtawala wa mahali angeweza kudai faini kubwa. Hakuna mtu duniani ambaye angewalaumu kama wangemzika pale, wakagawana nguo na shanga, kila mtu akaenda zake.

Walichofanya asubuhi ile kimeandikwa kwa maneno ya Susi na Chuma wenyewe, kama walivyoyaeleza baadaye. Kwanza waliwakusanya watu wote. Pili walifungua masanduku ya marehemu mbele ya macho ya wote, na Jacob Wainwright akaandika kila kitu kilichomo: fedha, vitabu, saa, vyombo vya kupimia. Ndipo walipoulizana la kufanya. Wapagazi wakawaambia Susi na Chuma kwamba wao ni wazee katika safari na taabu, kwa hiyo wawe wakubwa, nao wataahidi kuwatii.

Nimeisoma habari hii mara nyingi, na kila mara nasimama hapo. Hakuna aliyewaweka. Balozi wa Unguja hakujua, Stanley alikuwa Ulaya, hapakuwa na barua wala muhuri. Mnyapara huwekwa na aliye juu yake; lakini asubuhi ile wanyapara wawili walifanywa viongozi na walio chini yao. Tena tazama walichotangulia kukifanya kabla ya kupewa ukubwa: kuhesabu mali hadharani. Wangefungua masanduku yale wawili faraghani, hata kama wasingeiba sindano, sidhani kama wangepewa neno la kutiiwa. Ilikuwa kazi ya mnyapara, kazi ya vibaba na hesabu, ndiyo iliyowafungulia mlango.

Na makusudi? Yaliyokufa na Livingstone hawakuyafufua. Hawakwenda kutafuta chemchemi za Nile. Walijiwekea makusudi mengine, kuufikisha mwili na maandiko pwani. Watu wa Ulaya walisema walifanya hivyo kwa upendo tu, na upendo ulikuwapo, sina shaka. Lakini naona pia kwamba waliikumbuka hadithi ya Musa. Walijua kwamba mtu akirudi pwani bila mkubwa wake, na kinywani ana maneno matupu ya kwamba amekufa, ataitwa mwongo, labda na mwuaji. Mwili ulikuwa ushahidi. Upendo na busara vilitwikwa mzigo mmoja.

Kisha kazi ikagawanywa kwa namna ambayo marehemu mwenyewe asingeweza. Chuma alikwenda kuzungumza na Chitambo, kwanza kwa hila, akiomba mahali pa kujenga nje ya mji, na habari ilipofichuka, kwa kweli. Naye Chitambo alionyesha wema mwingi kuliko walivyotazamia. Farijala, aliyepata kumtumikia daktari Unguja, alipewa kazi ya kuupasua mwili na kutoa matumbo na moyo, ambavyo vilizikwa ndani ya kasha la bati chini ya mti wa mvula, na Jacob akasoma sala za maziko, akachonga jina katika gome la mti. Mwili ulitiwa chumvi, ukaanikwa juani siku kumi na nne ndani ya boma, ukigeuzwa kila siku. Ukafungwa katika kaniki na gome la mti, ukashonwa ndani ya turubai, ukapakwa lami, ukafungwa katika mti ili wawili waweze kuuchukua. Hakuna mmoja aliyeweza yote hayo. Ajuaye kuandika hakujua kupasua, na ajuaye kupasua hakujua kusema na mtawala.

Njia ilikuwa ngumu tangu mwanzo. Siku chache baada ya kuondoka, karibu nusu ya watu waliugua, wanawake wawili wakafa, wakakaa mahali pamoja muda wa mwezi mzima. Wakavuka Luapula. Katika mji wa Chawende palitokea ugomvi na vita, watu wakauawa, na mji ukatekwa. Habari ya vita hiyo tunayo kwa vinywa vya walioshinda tu. Watu wa Chawende hawakuandikiwa na mtu. Simtaki msomaji adhani kwamba safari hii ilikuwa ya malaika.

Karibu na Unyanyembe walisikia kwamba kuna Waingereza waliokuja kumtafuta Livingstone. Chuma akatangulia na wenzake wachache na barua iliyoandikwa na Jacob, akafika Tabora Oktoba 1873, akamkuta Luteni Cameron, afisa wa manowari, mgonjwa wa homa. Msafara wote ulipofika, Cameron aliwashauri wamzike Livingstone palepale, kwa kuwa njia ya mbele ni ya hatari, na kumbe mkewe Livingstone naye alizikwa katika ardhi ya Afrika, huko Shupanga. Shauri lenyewe halikuwa baya. Lakini wakakataa.

Fikiri ukubwa wa neno hilo katika siku zile. Huyu ni afisa wa Malkia, mkuu wa safari yenye fedha na bunduki, taifa moja na marehemu. Hao ni wanyapara wawili, mmoja aliyekuwa mtumwa, na wapagazi wao. Kwa cheo Cameron alikuwa juu yao, na katika mambo mengine walimtii: alipochukua baadhi ya vyombo vya kupimia vya marehemu, hawakuzuia. Kwa habari ya mwili hawakukubali, kwa kuwa jambo hilo lilikuwa limekwisha kukatwa kule Chitambo na watu wote, nao hawakuwa na ruhusa ya kulibadili. Kiongozi aliyewekwa na cheo huweza kubadili njia kwa amri moja. Hao waliowekwa na wenzao hawakuweza, na udhaifu huo ndio uliofikisha mzigo.

Mbele kidogo, huko Kasekera, watu wa njiani walikataa katakata maiti isipite katika nchi yao. Hapo ndipo palipofanyika hila ambayo wanafunzi wangu hucheka kila nikiisimulia. Walitangaza kwamba wamekubali kurudi kumzika Unyanyembe. Wakafunga fimbo na majani katika kitambaa, mfano wa maiti, wakawapa watu sita wauchukue kwa heshima kurudi walikotoka. Wale sita walipofika mbali, wakautupa mzigo ule kipande kipande porini, wakarudi usiku kwa njia za mwituni. Huku nyuma mwili wa Livingstone ulifungwa upya, ukafanywa kama mtumba wa nguo, ukatwikwa pamoja na mitumba mingine. Tangu hapo mpaka pwani mwanachuoni huyo alisafiri kama kaniki. Na hila ile haingefaa kama mmoja tu katika watu wale angefungua kinywa sokoni.

Mwezi wa Februari 1874 waliingia Bagamoyo, wakaupokeza mwili kwa Wazungu, ukalazwa kwa mapadre wa misheni ile. Ikaja manowari kutoka Unguja. Watu wakalipwa mishahara yao, wakaambiwa waende.

Hapo ndipo penye uchungu wa habari hii. Mwili ulipopelekwa Uingereza, aliyefuatana nao alikuwa Jacob Wainwright. Chama cha misheni kilichomlea kilimlipia nauli, maana alikuwa mtu wao na alijua Kiingereza. Sir William Fergusson aliutazama mwili London, akautambua kwa mfupa wa mkono wa kushoto uliovunjwa na simba miaka thelathini iliyopita. Tarehe 18 Aprili 1874 Livingstone alizikwa katika Westminster Abbey, na Jacob akawa mmoja wa walioshika jeneza, pamoja na Stanley na mabwana wengine. Sisemi kwamba hakustahili. Alisoma sala kule Chitambo, aliandika orodha, alitembea kila maili. Lakini hakuwa kiongozi wa safari ile, naye watu wa Ulaya walimwona kuwa ndiye kwa sababu waliweza kuzungumza naye. Sisi walimu, ambao tumepewa kalamu, tusome hapo polepole.

Susi na Chuma walifika Uingereza baada ya maziko. Aliyewalipia nauli alikuwa James Young, rafiki wa Livingstone. Walikaa na Horace Waller, wakamsaidia kutengeneza daftari za mwisho za marehemu, zilizochapwa mwishoni mwa mwaka uleule wa 1874. Waller alistaajabu jinsi walivyokumbuka majina ya mito na siku za safari. Kitabu kile kisingekuwa na mwisho bila wao, kwa kuwa mwandishi wake alikufa kabla ya sura ya mwisho. Juu ya kaburi la Westminster liko jiwe lisemalo kwamba Livingstone aliletwa na mikono aminifu kupita bara na bahari. Jiwe lataja mikono, majina halitaji.

Wenyewe walirudi kazini. Susi alikwenda Kongo kumtumikia Stanley, akabatizwa Unguja mwaka wa 1886 kwa jina la Daudi, akafa mwaka wa 1891. Chuma alikuwa mnyapara mkuu wa safari ya Keith Johnston, iliyotoka pwani mwaka wa 1879. Johnston akafa Behobeho, karibu na Rufiji, muda mfupi baada ya kuondoka, na safari ikamwangukia Joseph Thomson, kijana wa miaka ishirini na mmoja ambaye hakuwa amepata kuongoza hata watu kumi. Basi kwa mara ya pili Chuma akasimama kando ya kaburi la mwenye safari, na msafara ukimtazama. Safari hii hakuwa na haja ya kuwa kiongozi, maana Thomson alikuwapo na makusudi alikuwa nayo. Akabaki mnyapara, akapanga watu, akanyamazisha ugomvi, akasema na watawala kwa ufasaha ambao Thomson ameusifu sana. Wakafika Nyasa na Tanganyika, wakarudi pwani mwaka wa 1880. Chuma akafa Unguja mwaka wa 1882, bado mtu wa makamo.

Nilimsimulia habari hizo yule kijana wangu wa jembe. Akafikiri kitambo, akauliza swali ambalo sikulitazamia: "Na wale wapagazi wengine, Mwalimu, walipata nini?" Nikamwambia ninayoyajua. Chama cha wana jiografia cha London kilitengeneza nishani sitini kwa ajili ya watu wa msafara ule, kila mtu yake. Lakini zilipofika Unguja, wengi hawakuonekana. Stanley alikuwa ameondoka Bagamoyo Novemba 1874 kwenda kuvuka Afrika yote, na wengi katika watu wa Livingstone walikuwa wamekwisha kujitwika mizigo yake.